Ubaguzi wanaupinga, ila mpaka wa shule yao usiguswe: kisa cha New York

Mndengereko_BK (mleta uzi):

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa uchaguzi wa Marekani mdau mmoja aliandika kwamba mambo ya kutenganisha shule za weusi na weupe ni ya Alabama na Mississippi, na yaliisha enzi za Martin Luther King. Nikamwambia jibu lake ni refu, nitalifungulia uzi. Ndiyo huu, kaeni mkao wa kula.

Naishi Brooklyn, ndani ya Jiji la New York. Wanangu wamesoma shule za serikali hapa tangu chekechea, kwa hiyo haya mengine nimeyasoma na mengine nimeyasikia kwa masikio yangu, nimekaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini saa moja jioni, nimetoka kazini na sijala.

Mwaka 2014 kituo cha utafiti wa haki za kiraia cha UCLA, chuo kikuu cha California, kilitoa ripoti kwamba jimbo ambalo shule zake zimetengana kuliko yote Marekani ni New York. Mississippi ilikuwa afadhali. Na ndani ya New York, aliyeharibu hesabu zaidi ni Jiji lenyewe, hili hili la sanamu ya uhuru na bendera za kila taifa. Jiji lina wanafunzi karibu milioni moja, walio wengi ni Walatino na weusi. Weupe hawafiki hata mmoja kati ya watano. Sasa hao weupe wachache hawajatawanyika. Wamejazana kwenye shule chache zenye maktaba inayofunguliwa kila siku, mwalimu wa muziki, na umoja wa wazazi ambao kwa zile tajiri kabisa za Manhattan unachangisha zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Ukivuka mitaa michache unakuta shule ambayo wazazi wake wanauza keki mlangoni ili watoto waende makumbusho.

Hakuna sheria inayosema mtoto mweusi asiingie. Mahakama Kuu ilishamaliza hilo Mei 17, 1954, kwenye kesi ya Brown, majaji tisa kwa sifuri. Kinachofanya kazi hapa ni mpaka: shule ya msingi unapangiwa kwa anwani yako, na anwani ina bei. Ukitoka hapo unakutana na mchujo. Shule nyingi za kati, yaani darasa la 6 hadi la 8, zilikuwa zinamchuja mtoto wa miaka kumi kwa alama za darasa la nne, siku alizokosa, na mara alizochelewa. Jamani, mtoto wa darasa la nne hachelewi, anacheleweshwa. Kama mama anatoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, au familia imepewa chumba kwenye makazi ya wasio na nyumba huko Bronx wakati shule iko Brooklyn, mtoto anahesabiwa machelewa na yanamfuata kwenye maombi. Na kabla ya hapo kulikuwa na mtihani wa vipaji kwa watoto wa miaka minne. Minne! Kuna watu walikuwa wanalipia tuisheni ya mtoto ambaye usiku bado anavaa nepi.

Na wanaoulinda mfumo huu mbona hawana kofia nyekundu za Trump? Ni wasomi, wapole, wanakusalimia kwenye lifti, dirishani wamebandika bango kwamba maisha ya watu weusi yana thamani. Hao ndio mada yangu.

Kitaeleweka:

Mkuu hapo ubaguzi uko wapi sasa? Watoto wa Masaki wanasoma na wa Tandale? Mwenye hela kanunua nyumba penye shule nzuri, kosa lake nini? Nyie mkishavuka maji mnapenda sana kulialia.

Mndengereko_BK:

Kitaeleweka, ningekubaliana nawe kama mpaka ungekuwa umechorwa na Mungu. Unachorwa na ofisi, na unaweza kusogezwa. Angalia kinachotokea ukitaka kuusogeza.

Upper West Side ya Manhattan kuna shule mbili za msingi, PS 199 mtaa wa 70 na PS 191 mtaa wa 61. Unatoka moja hadi nyingine kwa miguu huku unaongea na simu. Wakati huo ya kwanza ilikuwa imejaa hadi watoto wa chekechea wanawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Ya pili ilikuwa na nafasi tele, na wanafunzi wake wengi walitoka Amsterdam Houses, majengo ya serikali ya watu wa kipato cha chini. Moja imefurika, jirani yake ina viti vitupu. Hata mtendaji wa kata angesema sogeza mpaka, tulale.

Ilichukua zaidi ya mwaka. Pendekezo lilitoka 2015, likapigwa, likaondolewa, likarudi, likapita Novemba 2016. Eneo lile linavyoipigia Democrats ni kama CCM enzi za chama kimoja. Lakini wazazi waliosimama kwenye mikutano ile walisema tumenunua nyumba kwa ajili ya shule hii. Walisema PS 191 iko kwenye orodha ya jimbo ya shule hatari, jambo ambalo waliokuwa wanasoma shule ile kila siku walilishangaa. Karibu kila mmoja alianza na utangulizi uleule: mimi naunga mkono mchanganyiko, tatizo ni mpango huu.

Sasa nenda 2018, wilaya ileile ya shule, namba 3. Safari hii ni shule za kati. Pendekezo: robo ya nafasi kwenye kila shule ya kati iwekwe kwa watoto wenye alama za chini, ambao kwa hali ilivyo wengi ni maskini, weusi na Walatino. Robo tu, tatu zilizobaki endeleeni. Aprili kukafanyika mkutano, televisheni ya NY1 ikarekodi. Mama mmoja analalamika kwa uchungu kwamba mtoto aliyejitahidi miaka yote anaambiwa sasa ataenda shule ambayo haitamfundisha kama alivyozoea kufundishwa.

Isome tena hiyo. Anajua kwamba kuna shule hazifundishi. Analijua kuliko mimi na wewe. Kwamba watoto wa watu wengine wamo humo siku zote hakukumtoa nyumbani usiku, mpaka alipoona wa kwake anaweza kuangukia humo.

Mkuu mpya wa shule za jiji wakati huo, Richard Carranza, hata mwezi hajamaliza kazini, akaisambaza video ile Twitter. Zogo lililofuata halikuwa la ile robo. Lilikuwa kwamba Carranza hana adabu, amewadhalilisha wazazi.

mwl_mstaafu:

Nimesoma yote. Hapa kwetu wa umri wangu tunayajua haya bila kusafiri. Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na bajeti yake, na bajeti ya Mzungu mmoja usiilinganishe na ya Mwafrika. Tarehe 1 Januari 1962 mifumo hiyo ikaunganishwa kisheria kuwa mmoja. Mimi nilikuwa shule ya kati Dodoma. Iliwezekana haraka kwa sababu wenye shule nzuri walikuwa wachache na hawakuwa na kura za kutisha. Leo wajukuu wangu wawili wako shule ya Kiingereza ya ada, wawili wako Kayumba, na ni familia moja. Sheria iliondoa rangi, ada ikakalia kiti. Waliotuletea hotuba za usawa miaka yote, watoto wao hawakuonekana Kayumba.

Swali langu kwa mleta uzi: weusi wa huko wenyewe waliutaka huo mchanganyiko, au ni wazungu wema waliwaamulia?

Mndengereko_BK:

Mwalimu, shikamoo. Swali zito, na ndilo lenye historia nzuri kuliko yote.

Waliutaka, na waliudai kwa namna ambayo vitabu vya shule vinairuka. Februari 3, 1964, wanafunzi zaidi ya 460,000 wa New York hawakwenda shule kwa siku moja, kupinga utengano. Waliouandaa mgomo ni Mchungaji Milton Galamison wa Brooklyn na Bayard Rustin, yuleyule aliyeandaa maandamano ya Washington ya Agosti 1963 aliyohutubia King. Kule Washington walikusanyika takriban 250,000. Huu mgomo wa watoto uliwazidi kwa mbali, na leo ukiuliza watu mia hapa mtaani kwangu wanaoujua hawafiki watano.

Jiji likajibu kwa mpango mdogo wa kuunganisha jozi chache za shule jirani, za weusi na za weupe. Machi 12 mwaka huohuo, akina mama weupe zaidi ya 10,000 wakavuka Daraja la Brooklyn kwa miguu hadi ofisi za meya kupinga. Hawakubeba maneno ya matusi kama ya Kusini. Walibeba mabango ya kutetea shule ya mtaa wao, na kikundi chao kilijiita Wazazi na Walipa Kodi. Mwalimu, siku moja baada ya mkutano nilienda kuangalia picha za 1964 na nikajikuta nasoma mabango ambayo nimetoka kuyasikia kwa mdomo.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ile tunayoisifia wote, ina kipengele kinachosema kuondoa utengano hakumaanishi kuwapangia wanafunzi shule ili kurekebisha uwiano wa rangi. Maana yake Kusini wabanwe, Kaskazini tuachwe. Aliyeisimamia sheria hiyo kwenye Baraza la Wawakilishi alikuwa Emanuel Celler. Mbunge wa wapi? Brooklyn.

Baada ya kungoja na kuzungushwa, wazazi wengi weusi wakachoka. Mwaka 1968 kule Ocean Hill-Brownsville wakasema sawa, kama hamtaki kuchanganyika nasi, basi tuachieni shule zetu tuziendeshe wenyewe. Bodi ya mtaa ikawaondoa walimu kadhaa, wengi wao weupe, chama cha walimu kikagoma, jumla siku 36 shule za jiji zima zikafungwa. Kile chama kilikuwa cha watu wa mrengo wa kushoto waliokuwa wameandamana na King. Waliotoka pale hawakusameheana mpaka wanazeeka.

Kwa hiyo mtu akikwambia leo kwamba weusi hawataki mchanganyiko, muulize ni mwaka gani waliacha kuutaka, na walikuwa wamengoja tangu lini.

Jirani wa Kisumu:

Watani wetu, naomba niongeze moja. Wakili aliyeibeba kesi ya Brown mpaka ikashinda ni Thurgood Marshall, na huyo Wakenya tunamdai shukrani. Mwaka 1960 alikuja London kwenye mazungumzo ya Lancaster House kama mshauri wa ujumbe wa Waafrika wa Kenya, akaandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya katiba yetu. Humo aliweka ulinzi wa walio wachache, na kwetu walio wachache walikuwa Wazungu na Wahindi. Mtu mweusi kutoka Baltimore, ambako mwenyewe alisoma shule za kubaguliwa, anaandika kifungu cha kumlinda Mzungu wa Nyanda za Juu.

Alipokuwa jaji alipoteza kesi ya Milliken, Julai 1974, tano kwa nne. Detroit watoto weusi walikuwa wamejaa mjini na weupe wamehamia vitongoji vya nje. Mahakama ikasema vitongoji hivyo havilazimishwi kushiriki kama havikuthibitishwa kubagua. Marshall akaandika kupinga, akionya kwamba miji itagawanyika miwili, wa weupe na wa weusi, na watu watakuja kujuta. Baada ya hapo, kukwepa shule iliyochanganywa kulihitaji gari la kuhamisha vyombo tu.

Mndengereko_BK:

Jirani, Milliken nilikuwa naiacha kwa ajili ya urefu, asante kwa kuiweka. Wanaoitaja Brown ni wengi, Milliken ndiyo tunayoishi nayo.

Mzee wa Oakland:

Huku California msidhani kuna nafuu. Vuka daraja la Golden Gate uone Marin, matajiri wa mazingira na magari ya umeme. Kuna wilaya ndogo kabisa, Sausalito Marin City, ilikuwa na shule mbili: moja yenye weupe wengi kuliko mwenzake na nyingine ambayo walio wengi ni weusi na Walatino, kule Marin City walikobaki wajukuu wa weusi waliokuja kujenga meli wakati wa Vita vya Pili. Agosti 2019 mwanasheria mkuu wa jimbo akasema wilaya ile iliitengeneza hali hiyo kwa makusudi, wakalazimika kusaini makubaliano ya kuiondoa. Mwaka 2019, siyo 1959! Shule ziliunganishwa 2021.

MamaTatu_MN:

Naandika kutoka Minneapolis, mnivumilie maana hii mada inanigusa kifuani. Nyie mnaongea mchanganyiko kama dawa. Mwanangu wa kwanza nilimpeleka shule ya mchanganyiko, ya kusifiwa, sitaitaja. Mlangoni watoto wa rangi zote kama tangazo la biskuti. Ndani kulikuwa na makundi ya kusoma, na kundi la chini lilikuwa na watoto wetu na wa Wasomali. Kiingereza alikuwa anakijua, alizaliwa hapa! Niliuliza mwaka mzima wakawa wananiambia tunafuatilia. Mdogo wake nikampeleka shule ambayo karibu wote ni watoto wa wahamiaji wa Afrika, mwalimu anamuita kwa jina lake lote bila kulikata. Huku kuna kesi ya Cruz-Guzman tangu 2015, wazazi wanalishitaki jimbo kwa utengano wa shule, na shule kama hiyo ya mwanangu zikaomba kuingia kwenye kesi kujitetea. Mimi niko upande gani hapo? Kila nikijiuliza nabadilisha jibu.

Na walimu je? Baada ya Brown, huko Kusini zilizofungwa ni shule za weusi, na walimu weusi makumi ya maelfu walipoteza kazi. Watoto walichanganywa, walimu wakabaki nje ya geti. Hiyo nayo mwiteje?

Mndengereko_BK:

MamaTatu, sina la kukupinga. Huku nako, 2015, Brooklyn walipotaka kupunguza msongamano wa PS 8 ya Brooklyn Heights kwa kuwahamishia watoto wa mtaa wa Dumbo kwenye PS 307, wazazi wa PS 307, watu wa Farragut Houses, nao walisimama kupinga. Walisema shule yetu tumeijenga tukiwa hatutazamwi na mtu, leo mnakuja kwa sababu kwenu kumejaa, kesho mtasema jina libadilishwe na sisi tutafutiwe nafasi kwingine. Magazeti yakaandika pande zote mbili zinapinga, kana kwamba ni upinzani mmoja. Aliye Brooklyn Heights anakataa kwenda anakodhani atapoteza, wa Farragut anakataa kunyang'anywa alicho nacho.

Ila makundi ya ndani uliyoyasema hayanifanyi niseme basi tuache. Rucker Johnson, mchumi wa Berkeley, amefuatilia maisha ya watoto waliokua wakati shule zinachanganywa miaka ya 60 na 70. Watoto weusi waliozipata shule hizo miaka mingi zaidi walisoma zaidi, walilipwa zaidi ukubwani, walifungwa jela kidogo, na weupe hawakupoteza kitu. Sababu yenyewe haina uchawi: pesa zilifuata. Darasa likiwa na mtoto wa mwanasheria, bomba likipasuka linazibwa leo.

Kitaeleweka:

Haya mkuu, umetukaanga na historia. Sasa kuna mahali huko wamefanya ikawezekana, au ni kilio tu?

Mndengereko_BK:

Kwangu hapa. Wilaya ya 15, Brooklyn. Humo kuna Park Slope ya nyumba za mamilioni, alikoishi Bill de Blasio kabla hajawa meya, na kuna Sunset Park ya Wachina na Wameksiko, na Red Hook yenye majengo makubwa ya serikali. Wilaya moja, shule za kati 11, na watoto wanaokaa dakika ishirini mbali hawakuwa wanakutana. Shule tatu zilikuwa zinanyakua sehemu kubwa ya watoto weupe.

Mwaka 2018 mpango ukapitishwa: mchujo unafutwa kwenye shule zote 11, inabaki bahati nasibu, na asilimia 52 ya nafasi kila shule wanatangulizwa watoto wa kipato cha chini, wanaojifunza Kiingereza na wasio na makazi. Rangi haitajwi popote, kwa sababu mwaka 2007 Mahakama Kuu, kesi ya wazazi wa Seattle, ilikataza kumpangia mtoto mmoja mmoja shule kwa rangi yake. Ndiyo maana kila mtu anazunguka kupitia kipato.

Mikutano ya maandalizi nilihudhuria kadhaa. Mmoja nilikaa na mama wa Park Slope, mfuko wa kitambaa wa redio ya umma begani, beji ya maandamano ya wanawake dhidi ya Trump bado iko kwenye koti. Tukazungumza vizuri sana, akaniuliza Kiswahili kinafananaje na Kiarabu. Zamu yake ilipofika kwenye kipaza sauti akasema anaogopa kwa ajili ya watoto wa Red Hook. Kwa ajili yao! Kwamba watajisikia vibaya kukaa darasani na watoto waliowaacha mbali, kwamba shule haijajiandaa kuwapokea, tusubiri mwaka mmoja au miwili tufanye kwa ubora. Hakuna aliyezomea. Watu wa Red Hook waliokuwepo walikuwa watatu, maana mkutano ulikuwa Park Slope na basi la B61 usiku mnalijua.

Mtu wa namna ile nampa heshima kidogo kuliko anayenitukana waziwazi, na najua si haki, ila ndivyo ilivyo. Anayenitukana hanishirikishi kwenye kukataliwa kwangu.

Mpango ukaanza Septemba 2019. Ilitabiriwa watu watakimbilia shule za kulipia na New Jersey. Baadhi waliondoka, wengi hawakuondoka. Takwimu za mwaka wa kwanza zikaonyesha shule zimesogeleana kweli. Mwaka 2022 jiji lilipowaachia wakuu wa wilaya kuamua kama mchujo urudi baada ya korona, wilaya kadhaa ziliurudisha. Ya 15 haikuurudisha. Mama yule nilimwona tena dukani, mwanawe anasoma Sunset Park, anaisifia shule kwelikweli kama yeye ndiye aliyeigundua.

Jirani wa Kisumu:

Hahaha huyo mama tunaye hata Nairobi. Na zile sekondari kubwa za mtihani, Stuyvesant na wenzake? Huyo meya wenu mzaliwa wa Kampala si alisoma mojawapo?

Mndengereko_BK:

Zohran Mamdani, Bronx Science. Zipo nane zinazoingiza kwa mtihani mmoja tu, masaa matatu, hakuna ripoti ya shule wala kingine. Mwaka 2019 Stuyvesant ilitoa nafasi 895. Weusi waliopata walikuwa saba. Andika saba kwa maneno ili mtu asidhani nimesahau sifuri.

De Blasio, ambaye mwanawe mwenyewe alisoma Brooklyn Tech, moja ya hizo nane, alitaka mtihani ufutwe, nafasi ziende kwa watoto bora wa kila shule ya kati. Haikuwezekana mjini kwa sababu mtihani umelindwa na sheria ya jimbo ya 1971, iliyotungwa haraka Albany, liliko bunge la jimbo, pale pale jiji lilipoanza kufikiria kuubadili. Mwaka 2019 ikafia hukohuko Albany, bunge likiwa mikononi mwa Democrats pande zote mbili. Mamdani alishawahi kusema uondolewe. Kwenye kampeni ya 2025 akasema atauacha, akabaki na ahadi ndogo ya kuondoa madarasa ya vipaji ya chekechea. Na hata hiyo ndogo ilimwashia moto wiki nzima.

Ila hapa nitofautishe. Waliojaza mabasi kwenda kupinga walikuwa zaidi ni wazazi wa Kiasia, na zaidi ya nusu ya nafasi zile 895 zilikwenda kwa watoto wao. Baba Mchina wa hapa Sunset Park anaosha masufuria mgahawani, mama anashona kiwandani, wamebana tumbo kulipia tuisheni, na hakuna mtu wa serikali aliyekwenda kuwauliza lolote kabla ya kutangaza. Huyo simweki fungu moja na wa mtaa wa 70. Mfumo aliukuta, akaonyeshwa mlango mmoja, akapita.

Kitaeleweka:

Mkuu swali la mwisho na usilikwepe. Watoto wako wako wapi?

Mndengereko_BK:

Silikwepi. Mkubwa alipita kwenye bahati nasibu ya Wilaya ya 15, akapata chaguo letu la tatu, akasoma vizuri. Darasa la nane akafanya mtihani, baada ya viangazi viwili vya tuisheni ya Jumamosi na Jumapili kwa Wachina wa Barabara ya Nane. Yuko moja ya zile nane. Darasani kwake weusi wako wawili.

Kitaeleweka:

Nilijua tu! Kwa hiyo tofauti yako na huyo mama wa mfuko ni nini?

MamaTatu_MN:

Kitaeleweka muache mwenzio. Ulitaka amtoe mtoto kafara kwa ajili ya uzi?

Mndengereko_BK:

MamaTatu, asante lakini swali lake ni halali. Nikimtoa binti yangu, nafasi yake haiendi kwa mtoto wa Brownsville, inaenda kwa anayefuata kwenye alama. Na ndiyo, najua kila mzazi wa Upper West Side anaweza kuisema sentensi hiyo hiyo neno kwa neno. Ninachoweza kukuahidi Kitaeleweka ni kidogo: ukiitishwa mkutano wa kuufuta mtihani nitakwenda, nitasimama kwenye kipaza sauti, niseme ufutwe, bila utangulizi wa "naunga mkono lakini."

Kitaeleweka:

Rahisi kusema, wa kwako keshaingia.

Mndengereko_BK:

Mdogo wake bado. Yuko la sita, mtihani ni la nane. Hifadhi uzi, uje uniulize.